Upepo wa Kinangop, Upepo wa Loiyangalani

Mwaka 1993 serikali ya Ubelgiji iliipa Kenya vinu viwili vya upepo. Vilisimikwa juu ya Vilima vya Ngong, pale ukingo wa Bonde la Ufa unapoanza kuporomoka na upepo hauna cha kuuzuia. Vilikuwa vidogo, na havikuzua kelele. Kampuni ya umeme ya KenGen iliongeza vingine kuanzia 2009, na kufikia 2015 kituo cha Ngong kilikuwa na uwezo wa megawati 25.5.

Katikati ya miaka hiyo nchi ilipata funzo kali kuhusu kutegemea mito. Ukame uliofikia kilele mwaka 2000 ulikausha mabwawa ya mto Tana, na umeme ukatolewa kwa zamu: viwanda vilifungwa saa fulani, mitaa ikakaa gizani saa nyingine. Ukame wa 2009 ulirudia kisa kilekile. Serikali ilikodi majenereta ya dizeli kwa bei ambayo mwananchi aliilipa kwenye bili yake. Mwaka 2008 ilitangaza sera ya bei maalum kwa wenye kuzalisha umeme kwa upepo na vyanzo vingine visivyokwisha, na wawekezaji wakaanza kuizunguka nchi wakiwa na minara ya kupimia kasi ya upepo.

Ninaandika haya nikiwa upande wa upepo. Nchi inayokauka haiwezi kuendelea kuombea umeme mawinguni, wala haifai kuutafuta ndani ya mapipa ya dizeli. Lakini upepo haushikiki mpaka kinu kisimame ardhini, na katika Kenya karibu kila pande la ardhi lina kesi yake ya zamani. Wahandisi walipima mbio za upepo kwa miaka. Historia ya ardhi waliyoikanyaga haikupimwa kwa bidii hiyo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Kinangop ni uwanda wa juu katika kaunti ya Nyandarua, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, upande mmoja safu za milima ya Nyandarua, upande wa pili genge linaloshuka kuelekea Naivasha. Ni nchi ya baridi na ukungu, ya viazi, kabichi, njegere na maziwa. Kabla ya ukoloni yalikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, baadhi wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili wa kuwaondoa hata huko Laikipia. Wamaasai walikwenda mahakamani. Kesi yao, inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, iliamuliwa mwaka 1913: majaji walisema mikataba ile ilikuwa mapatano baina ya mamlaka mbili, kwa hiyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuyagusa. Watu walioambiwa kuwa ni taifa lenye uwezo wa kutia sahihi wakaambiwa papo hapo kuwa hawana mahali pa kulalamika. Nimeitaja kesi hiyo kwa sababu itatufaa mbele.

Walowezi walifuga kondoo na ng'ombe Kinangop, wakalima ngano na pareto. Katika miaka ya Hali ya Hatari, misitu iliyo juu ya mashamba yao ilikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Uhuru ulipokaribia, serikali ya kikoloni ilianza kuyanunua mashamba hayo kwa mpango wa ekari milioni moja, yakakatwa vipande na kugawiwa familia za Kiafrika, wengi wao Wakikuyu waliokuwa maskwota au waliotoka katika vijiji vya kizuizini. Hawakupewa bure. Walikopeshwa bei ya ardhi na kuilipa mwaka baada ya mwaka kwa fedha za maziwa na viazi. Kwa hiyo mzee wa Kinangop akiitoa hatimiliki sandukuni, anaitoa karatasi ambayo baba yake aliipigania kwanza kwa damu, halafu akailipia kwa shilingi.

Wasomaji wengi hawajapata kusikia habari za mkazi mwingine wa uwanda ule. Ni ndege mdogo wa majanini mwenye kifua cha manjano, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Anaishi Kenya peke yake, katika majani ya nyanda za juu, na Kinangop ni ngome yake kuu. Huhitaji majani yanayoota kwa mashungi mazito, kwa kuwa humo ndimo hujificha na kutaga. Majani yakilimwa, ndege huyu hana msitu wa kukimbilia. Anatoweka pale yalipotoweka malisho. Kondoo na ng'ombe wakiwa wa kadiri hawamdhuru. Jembe ndilo linalomwondoa, na jembe limekuwa likisonga mbele tangu mashamba makubwa yalipogawanywa na warithi kuyagawa tena, ekari kumi kuwa tano, tano kuwa mbili.

Chama cha Nature Kenya pamoja na kundi la wenyeji linaloitwa Friends of Kinangop Plateau walilitambua hilo mapema. Hawakwenda kwa mkulima na amri. Walimtafutia sababu ya kuyaacha majani yasimame: huko Njabini wakaanzisha kazi ya kusokota na kufuma sufu, ili kondoo awe na faida na malisho yabaki malisho. Vipande vichache vya ardhi vilinunuliwa vikawa hifadhi. Ni kazi ya subira, isiyo na ufunguzi wa rais wala utepe wa kukatwa, na kwangu mimi ni miongoni mwa mambo ya heshima kabisa yaliyowahi kufanywa kwa mandhari ya nchi hii.

Hapo ndipo ulipofika mradi wa Kinangop Wind Park: vinu 38, megawati 60.8, gharama ya karibu dola milioni 150. Fedha zilitoka kwa wawekezaji wa miundombinu wa Afrika Kusini na kwa Norfund, mfuko wa serikali ya Norway. Kampuni ilikodi ardhi kutoka kwa wenye hatimiliki, mmoja mmoja. Kisheria jambo hilo lilikuwa safi kuliko mengi tutakayoyaona. Mwenye shamba aliweza kukubali au kukataa.

Tatizo ni kwamba kinu hakiishii kwenye mpaka wa shamba la aliyekubali. Kivuli chake kinapita kwa jirani, sauti yake inavuka ua, na nyaya zake zinahitaji njia. Katika uwanda wenye mashamba ya ekari chache chache, aliyetia sahihi alipata kodi, na aliye ng'ambo ya ua hakupata kitu isipokuwa kukitazama. Majirani walianza kuuliza. Je, tutahamishwa? Je, ng'ombe watapungukiwa maziwa, watu watapata maradhi? Mkataba huu wa miaka mingi ni wa kukodi kweli, au ndiyo mwanzo wa kunyang'anywa? Baadhi ya hofu hizo hazikuwa na msingi wa kitabibu. Lakini katika mahali ambapo ardhi imebadilisha mikono mara mbili katika kumbukumbu za familia, hofu ya mkataba wenye kurasa nyingi si ujinga. Ilihitaji mabaraza mengi, majibu ya wazi, na pengine malipo yaliyowafikia hata majirani wasio na kinu. Wanasiasa nao walijua kuni zipo wapi, wakachochea.

Maandamano yalianza mwaka 2014. Barabara zilifungwa, kazi ikasimama, ikaanza, ikasimama tena. Mapema mwaka 2015 mtu mmoja alipoteza maisha katika makabiliano kati ya waandamanaji na polisi, na baada ya damu kumwagika hakukuwa tena na mkutano ambao ungeweza kuokoa mradi. Februari 2016 kampuni ilitangaza kwamba fedha za ujenzi zimekwisha kwa sababu ya ucheleweshaji, na mradi ukafa. Hakuna kinu kilichozalisha hata uniti moja Kinangop.

Watu wa Kinangop walishinda, na sisemi hawakuwa na haki ya kushinda. Ila katika kelele zote zile, mandhari yenyewe ilitajwa kama mali ya watu tu. Yule ndege wa manjano hakusikika sana, si kwa waliotaka vinu wala kwa waliovikataa. Baada ya kampuni kuondoka, jembe liliendelea na safari yake. Uwanda uliookolewa kutoka kwa vinu 38 haukuokolewa kutoka kwa viazi. Anayedhani kuhifadhi mandhari ni kuzuia mnara usisimame, na aende Kinangop ahesabu mashungi ya majani yaliyobaki.

Wakati Kinangop ikizima, kazi kubwa zaidi ilikuwa ikiendelea kaskazini. Kusini mashariki mwa Ziwa Turkana, upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukapita kwa kasi kwenye mlango wa milima ya Kulal na Nyiru. Wastani wake ni kama mita 11 kwa sekunde, na huvuma usiku na mchana kwa namna ambayo sehemu chache sana za bara lolote zinaweza kuifikia. Wasafiri waliowahi kulala Loiyangalani, kando ya ziwa hilo, wanaujua: hema lisilofungwa kwa mawe haliamki mahali lilipolala.

Nchi ile ni ya lava nyeusi, miti michache ya miiba, na ziwa la kijani kibichi ambalo hifadhi zake za taifa zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997. Mlima Kulal ulitangazwa hifadhi ya viumbe hai mwaka 1978. Wenyeji ni Warendille, Wasamburu, Waturkana, Wagabra na El Molo, wavuvi wa vijiji vya ukingo wa ziwa ambao ni kati ya jamii ndogo kabisa za Kenya. Mtaalamu anayetoka Nairobi akitazama nje ya dirisha la ndege huandika neno moja: tupu. Mfugaji anaona kitu kingine. Anaona malisho ya kiangazi ambayo hayaguswi mvua inaponyesha, njia za ngamia kuelekea maji, makaburi, na mahali pa kutambikia. Malisho yasiyo na mifugo leo ni akiba, na akiba huonekana tupu kwa asiyejua hesabu zake.

Chini ya Katiba ya zamani, ardhi hiyo haikuwa na hatimiliki ya mtu. Ilishikwa na baraza la kaunti kwa niaba ya wakazi. Baraza lingeweza kuitenga kwa matumizi mengine, lakini sheria iliweka masharti: tangazo litolewe, watu wasikilizwe, Bodi ya Ardhi ya tarafa ikae na kutoa maoni, na wenye haki walipwe fidia. Masharti hayo yaliandikwa kwa ajili ya watu wasio na sanduku la kuwekea karatasi. Ndiyo yaliyokuwa ukuta wao pekee.

Mwaka 2007 Baraza la Kaunti ya Marsabit liliitengea kampuni ya Lake Turkana Wind Power ekari 150,000. Madiwani walikubali, karatasi zikapita Nairobi, na kufikia 2009 kampuni ilikuwa na hati ya kukodi kwa miaka 33 inayoweza kuongezwa hadi 99. Kampuni hiyo ilizaliwa na kundi la wawekezaji wa Kiholanzi, wakaungana baadaye na Aldwych ya Uingereza, mifuko ya maendeleo ya Norway, Denmark na Finland, na watengenezaji wa vinu, Vestas. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliongoza ukusanyaji wa mikopo. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012, ikihofia kwamba Kenya ingejifunga kununua umeme ambao wakati mwingine isingeuhitaji. Gharama yote ilifika euro milioni 623 hivi, na wakati huo hakukuwa na uwekezaji wa binafsi mkubwa kuliko huo katika historia ya Kenya.

Ukiusoma mradi kwa jicho la mhandisi, ni kazi ya kushangaza. Vinu 365, kila kimoja cha kilowati 850, vilivuka nchi kutoka bandari ya Mombasa. Vilichaguliwa vidogo makusudi, kwa sababu ya ukali wa upepo na ugumu wa njia. Kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis ziliboreshwa ili malori yapite. Wenyeji wengi walipata kazi za ujenzi, wengine kwa mara ya kwanza maishani wakilipwa mshahara wa mwezi. Zahanati na shule zilisaidiwa, visima vikachimbwa. Kampuni ilisema, na ni kweli, kwamba minara na barabara zake zinachukua sehemu ndogo tu ya eneo lile, na kwamba ng'ombe na ngamia hawakuzuiwa kupita kati ya vinu.

Basi ugomvi ulitoka wapi? Ulitoka hapohapo kwenye ukubwa. Kama minara inahitaji sehemu ndogo, kwa nini zitengwe ekari 150,000? Na kama mfugaji anaruhusiwa kupita, ni nani sasa mwenye kumruhusu? Jana alipita kwa haki. Leo anapita kwa hisani ya mwenye hati. Tofauti hiyo haionekani kiangazi hiki wala kijacho. Itaonekana siku mwenye hati atakapobadilika, au atakapotaka kujenga kitu kingine. Miaka 99 ni mingi kuliko uhai wa kinu chochote.

Kijiji cha Sarima kilikuwa kwenye njia ya malori. Mwaka 2014 kilihamishwa pembeni, watu zaidi ya elfu moja, wengi wao Waturkana. Fedha za ujenzi zilipoingia, kijiji kikavimba kwa wageni waliokuja kutafuta vibarua, na pombe na ukahaba vikafuata malori. Kazi za ujenzi ziligawiwa katika nchi ambayo jamii zake zina ugomvi wa zamani juu ya maji na mifugo, na kila orodha ya walioajiriwa ilisomwa kwa jicho la kabila. Kabla ya hapo hakukuwa na orodha ya kugombania.

Oktoba 2014 wakazi kadhaa, wakiwakilisha jamii zao, walifungua kesi mjini Meru dhidi ya kampuni, kaunti na maofisa wa ardhi wa serikali. Hawakuomba upepo usimame. Waliomba hati zifutwe kwa sababu ardhi ilitengwa bila kufuata sheria ile iliyokuwa ukuta wao. Kesi ilikwenda mwendo wa ngamia. Ujenzi ulikwenda mwendo wa lori.

Mapema 2017 vinu vyote 365 vilikuwa vimesimama. Vilisimama kweli, maana havikuwa na pa kupeleka umeme. Njia ya nyaya ya zaidi ya kilomita 420 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikuwa jukumu la serikali, na mkandarasi wake wa Kihispania, Isolux Corsán, alifilisika akiwa katikati ya kazi. Wachina waliikamilisha, na umeme ukaanza kupita Septemba 2018. Kwa miezi ya kungoja, mkataba uliitaka Kenya ilipe umeme ambao haukuwahi kufika popote, na bili hiyo ilizidi shilingi bilioni 5. Walipakodi walilipia upepo uliovuma bure. Rais Uhuru Kenyatta alizindua kituo tarehe 19 Julai 2019. Tangu hapo megawati 310 za Loiyangalani zimekuwa nguzo ya gridi ya taifa. Zimepunguza dizeli inayochomwa, na hilo ni jema lisilo na shaka. Nyaya zile zinapita juu ya manyatta kuelekea Suswa, na miaka ya mwanzo ya kituo vijiji vilivyo chini yake viliendelea kuwasha koroboi.

Uamuzi ulitoka tarehe 19 Oktoba 2021. Majaji watatu wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru walisema hati zile zilipatikana kinyume cha sheria: taratibu za kutenga ardhi hazikufuatwa, na haki za wenyeji zilirukwa. Hawakuzima vinu. Walitoa mwaka mmoja kwa kaunti na vyombo vya serikali kuurekebisha utaratibu, na usiporekebishwa hati zifutwe. Miaka 108 baada ya Wamaasai wa Laikipia kuambiwa kuwa mahakama haiwezi kuwagusa walioichukua ardhi yao, wafugaji wa Laisamis walisikilizwa hadi mwisho, wakashinda. Sijui mwanahistoria wa nchi hii anayeweza kuupita uamuzi huo bila kusimama.

Siku nane kabla yake, tarehe 11 Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Norway ilikuwa imetoa uamuzi wa aina hiyohiyo. Katika rasi ya Fosen, vinu 151 vilikuwa vimejengwa Storheia na Roan kwenye malisho ya baridi ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Mahakama ilisema leseni za vinu hivyo ni batili, kwa kuwa vilivunja haki ya Wasami kuishi kwa utamaduni wao, haki inayolindwa na mkataba wa kimataifa. Norway hiyohiyo, kupitia Norfund, ilikuwa miongoni mwa wawekezaji wa mwanzo Loiyangalani, na ilikuwamo Kinangop pia. Mfugaji wa kulungu na mfugaji wa ngamia hawajuani. Waliomba jambo moja kwa wakati mmoja, mbele ya majaji tofauti, wakajibiwa namna moja, na kote kuwili vinu viliendelea kuzunguka siku ya pili kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Huko Norway ukimya huo uligeuka aibu. Siku 500 zilipotimia bila hatua, Februari 2023, vijana wa Kisami waliingia wizara ya nishati jijini Oslo wakakaa chini, na wengine wakaungana nao milangoni. Serikali iliomba radhi. Desemba 2023 na Machi 2024 makundi mawili ya wafugaji wa Fosen yalifikia maafikiano yaliyojumuisha malipo ya kila mwaka na malisho zaidi ya baridi, na wale wa kusini wakapata sauti ya kukataa leseni isiongezwe muda wake utakapokwisha. Wapo Wasami wanaoona kilichopatikana ni kidogo mno. Angalau kuna meza, na majina ya waliokaa mezani yanajulikana.

Kwetu mwaka ule mmoja ulipita. Kampuni ilirudi mahakamani kuomba muda zaidi, na Mei 2023 ombi likakataliwa. Mawakili wamekuwa na kazi tangu hapo. Wafugaji hawakupata urekebishaji ulioamriwa.

Katikati ya haya yote kulikuwa na jaribio la tatu, karibu na Nairobi. Kipeto, katika kaunti ya Kajiado, ina vinu 60 na megawati 100, na ilianza kuuza umeme mwaka 2021. Ardhi yake ilikuwa ranchi ya kundi iliyokwisha kugawanywa kwa familia za Kimaasai, kila moja na hati yake, na kampuni ikakodi kwa familia hizo. Wenye ardhi hulipwa kodi na sehemu ya mapato, baadhi walijengewa nyumba, na asilimia tano ya hisa za mradi zimewekwa kwa jamii. Ukilinganisha na Kinangop, utaona mashamba ni makubwa zaidi, na jirani asiye na kinu yuko mbali zaidi. Ukilinganisha na Loiyangalani, utaona aliyetia sahihi ndiye aliyekuwa akiishi pale.

Shida ya Kipeto ilitoka angani. Magenge ya Kwenia ni mahali pa kuzaliana kwa tumbusi wa aina ambayo dunia nzima inaihofia kuisha, nao hupaa juu ya tambarare za Kajiado wakitafuta mizoga. Tumbusi huruka akitazama chini; hana mazoea ya kutazama mbele, kwa sababu kwa maelfu ya vizazi mbele yake hakukuwa na kitu. Wakopeshaji walikataa kutoa fedha bila mpango wa kuwalinda ndege hao. Ndiyo sababu Kipeto kuna watu wanaoshinda kutwa na darubini, na tumbusi akikaribia hutoa amri, kinu husimama. Mpango huo haukuishia kwenye vinu. Tumbusi wengi wa Kenya hufa kwa sumu ambayo wafugaji huweka kwenye mizoga kuua simba na fisi, kwa hiyo fedha za mradi zinasaidia kuimarisha maboma dhidi ya wanyama wakali na kufundisha watu nini cha kufanya wakikuta mzoga wenye sumu. Yaani kampuni ya umeme ililazimika kujua kwa nini mama mmoja wa Kimaasai amepoteza mbuzi watatu usiku. Hapa ndipo uhifadhi wa mandhari na riziki ya wakazi vilipokutana kwa vitendo, na nashangaa kwamba yule ndege wa Kinangop hakupata hata nusu ya uangalizi huo.

Loiyangalani haiwezi kuiga Kipeto kwa kukata ardhi vipande. Malisho ya mvua za kubahatisha yakikatwa vipande yanakufa, na ngamia wanakufa nayo. Kila jamii ya ziwani inalijua hilo. Njia nyingine imo tayari katika sheria. Katiba ya 2010 iliitoa ardhi ya jamii mikononi mwa mabaraza ya kaunti na kuzirudishia jamii zenyewe, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji si halali mpaka thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii waukubali katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Usajili wa jamii umekwenda polepole kote kaskazini. Kuzunguka ziwa ni mgumu zaidi, kwa kuwa Mrendille, Msamburu na Mturkana hulisha kwa kupishana mahali pamoja, na mpaka wa mmoja ni njia ya mwingine.

Bado usajili unawezekana. Wazee wa malisho wanajua nani hutumia kisima gani mwezi gani, na ujuzi huo haujaandikwa popote serikalini. Kaunti ya Marsabit inaweza kuwatuma maofisa wake wakauandike, wasajili jamii, waite mkutano, waweke mezani ukubwa wa ardhi ambayo vinu vinahitaji kweli, kodi, miaka, na umeme wa vijiji vya chini ya nyaya, kisha wahesabu mikono. Msimu wa kuifanya kazi hiyo ni mvua ndefu, wafugaji wanaporudi karibu na Laisamis na Loiyangalani, na hailazimu kuzima kinu hata kimoja.